Kwa Nini "Kaka Yangu"?

Swali lililonifunza ualimu kuliko kozi yoyote niliulizwa katika wiki yangu ya pili kwenye chuo kimoja cha Marekani. Tulikuwa tumefika kwenye vimilikishi. Msichana wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono akauliza: ikiwa watu huchukua w-, tukasema mtoto wangu na mwalimu wangu, kwa nini ubaoni nimeandika kaka yangu? Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyosema. Aliliandika jibu hilo daftarini kwa adabu. Mimi nilitoka darasani nikijua kwamba sikumjibu.

Jibu lipo. Kaka, dada, rafiki, mama na baba kwa umbo ni majina ya ngeli ya I-ZI. Kwa kuwa yanataja watu, hupatana kama watu karibu kila mahali: kaka mkubwa, kaka yule, kaka amefika. Kwenye vimilikishi ndipo umbo lake la asili linapojitokeza, tukasema kaka yangu, rafiki zako, mama zetu. Ndiyo maana katika sentensi fupi kama "kaka yangu mkubwa amefika" jina moja linabeba upatanisho wa aina mbili. Aliyezaliwa ndani ya Kiswahili huisema sentensi hiyo tangu utotoni bila kuiona. Anayelipwa kuifundisha lazima awe ameiona.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaoniandikia kutaka kufundisha Kiswahili nje huuliza jambo moja: vyeti. Vyeti vina majibu mafupi. Mlango unaojulikana zaidi kwa Wakenya na Watanzania ni mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni, unaofahamika kwa kifupi chake FLTA. Unachukua walimu vijana, hasa wa Kiingereza au wa fani za karibu, wenye shahada ya kwanza na Kiingereza kilichothibitishwa kwa mtihani. Ukichaguliwa unakwenda kwa mwaka mmoja wa masomo, miezi tisa au kumi hivi. Unafundisha au kumsaidia mwalimu mwenyeji, na wewe mwenyewe unasoma kozi chache bila kupata shahada. Viza yake ina sharti ambalo wengi hulisoma wakiwa wamechelewa: baada ya mpango unatakiwa uishi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani za kazi au ukaazi wa kudumu. Lisome kabla ya kutia saini.

Nje ya mpango huo, nafasi ya kudumu katika chuo kikuu huhitaji walau shahada ya uzamili katika isimu, fasihi au ufundishaji wa lugha, na kwa vyeo vya juu uzamivu. Kiswahili kinasomeshwa London, Paris, Leiden, Bayreuth, Napoli, Osaka, Seoul na Beijing, na kila nchi ina karatasi zake. Anza mapema kutafuta nakala rasmi za matokeo yako, maana kwa wengi ndizo zinazochelewa.

Hayo yakishakamilika, kazi yenyewe inaanza, nayo haimo kwenye orodha ya ofisi yoyote.

Chukua ngeli. Shuleni kwetu tumezitaja kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Ukifika ng'ambo unakuta mwanafunzi amejifunza kwa namba, kuanzia ngeli ya 1 hadi ya 18, kwa utaratibu uliotokana na wanaisimu wa lugha za Kibantu. Anakuuliza kuhusu ngeli ya 11, nawe hujui kwamba anauliza kuhusu ukuta na ufunguo. Nashauri kila anayejiandaa aifahamu mifumo yote miwili hadi aweze kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine akiwa amesimama ubaoni.

Au chukua kiambishi -me-. Vitabu vingi humwambia mgeni kwamba kinaonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Kisha anamwona mtu mwenye koti jekundu na kusema "anavaa koti jekundu", akidhani yuko sahihi kwa kuwa koti bado liko mwilini. Sisi tunasema amevaa, kama tunavyosema amelala, amekaa, amesimama, kwa sababu kwetu -me- hutazama hali iliyobaki baada ya tendo. Mwalimu aliyelifikiria hilo nyumbani atalifafanua kwa picha mbili. Asiyelifikiria atasema tena kwamba ndivyo tunavyosema.

Zaidi ya sarufi kuna upimaji, na hapa ndipo ninapoona walimu wetu wazuri wakihangaika. Tumelelewa na mitihani inayosema taja, fafanua, ainisha. Marekani, vipimo vya baraza la walimu wa lugha za kigeni, ACTFL, huuliza mwanafunzi anaweza kufanya nini kwa lugha. Katika ngazi ya chini ana maneno na vifungu alivyokariri. Ya kati anaunda sentensi zake na kuuliza maswali mepesi. Ya juu anasimulia tukio la jana na mpango wa kesho kwa mfululizo unaoeleweka. Zaidi ya hapo anatetea maoni na kujadili mambo ya kudhania. Baraza hilohilo linapendekeza angalau asilimia 90 ya muda wa darasa itumie lugha lengwa. Kwa hiyo lengo la somo haliwi "kufundisha wakati uliopo". Linakuwa: kengele ikilia, mwanafunzi aweze kununua nyanya na kuomba apunguziwe bei. Andaa masomo kumi ya namna hiyo kabla ya safari, uyajaribu kwa mgeni yeyote aliye karibu nawe, bila kusema neno la Kiingereza. Utashangaa jinsi robo saa inavyokuwa ndefu.

Kuna pia sheria za darasani. Kwetu matokeo yenye majina hubandikwa ukutani, na mwalimu huweza kuzisoma alama kwa sauti. Marekani sheria ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na jambo hilo la kawaida kwetu linaweza kukuingiza matatani. Hata mzazi akipiga simu kuulizia alama za mwanawe aliye chuoni, usimsimulie. Mwelekeze kwenye ofisi husika. Silabasi unayogawa siku ya kwanza huchukuliwa kama makubaliano, basi usiongeze jaribio katikati ya muhula kwa sababu darasa limekuudhi. Na mwisho wa muhula wanafunzi nao watakupima wewe kwa maandishi. Wachache wetu tumezoea hilo, na mara ya kwanza linauma.

Kuhusu mzigo wa safari, vitabu vya sarufi utavikuta huko. Beba kanga zenye majina yanayosomeka, gazeti la juma lile unaloondoka, tikiti ya basi, menyu ya mgahawa, kadi ya kliniki isiyo na jina la mtu. Kilichonifaa kuliko vyote kilikuwa kadi ya mchango wa harusi. Ilinipa masomo matatu: familia mbili na namna zinavyotajwa, neno mchango na maana yake kwa jirani asiye ndugu, kisha saa. Kadi ilisema ukumbini saa 12 jioni. Darasa zima liliandika saa sita mchana. Tukatoka nje tukatazama jua, nikawahesabia kutoka lilipochomoza, na yule msichana wa swali la "kaka yangu" ndiye aliyefika kwenye jibu kabla sijamaliza kuhesabu.