Kona 57 mgongoni mwa bodaboda: Siku niliyojifunza kuwa abiria

Mbeya. KAZI yangu ni kuhesabu. Nahesabu kona, kadi, mashuti yaliyolenga lango na dakika za nyongeza. Kwa hiyo nilipoambiwa barabara inayopanda milimani kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ina kona 57, nikasema hii ni ya kwangu. Kona 57 ndani ya kilomita kama tisa. Hata timu inayoshambulia lango moja dakika zote 90 haipati kona hizo.

Nilishindwa kuzihesabu. Nilipofika ya 31 nilifumba macho.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, siku moja baada ya mechi niliyotumwa kuiandika kwenye Uwanja wa Sokoine. Ripoti ilishatumwa, na basi langu la kurudi Dar es Salaam lilikuwa la usiku. Lingenipitia Chimala, ule mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali ulio kwenye barabara kuu, kama kilomita 78 kutoka Mbeya mjini. Nilikuwa na siku nzima mkononi.

Wenzangu wawili wakaja na wazo: kuna vijana wa bodaboda pale Chimala wanapandisha wageni hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo na kuwarudisha. Pikipiki tatu, abiria watatu, shilingi elfu hamsini kila mmoja. Tukakubaliana kwa simu usiku uleule.

SEMINA YA DAKIKA KUMI

Saa 1:00 asubuhi tulikuwa kijiweni. Kiongozi wa msafara ni jamaa mwembamba wa miaka thelathini hivi, anachechemea kidogo mguu wa kulia. Wenzake wanamuita Kapteni. Nikadhani ni utani wa kijiweni tu.

Swali lake la kwanza lilinishangaza: “Mwandishi, wewe ni mzigo au ni abiria?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. “Mzigo naufunga kamba, nikilala unalala, nikiinuka unainuka. Abiria ana akili zake, ndiyo shida yake. Sasa nataka uwe abiria mwenye nidhamu ya mzigo.”

Kisha ikaja semina. Helmeti kwanza, na mkanda wake ufungwe kidevuni, maana sheria inamtaka abiria aivae kama dereva, si kuining’iniza mkononi mpaka trafiki aonekane. Viatu vya kufunika, suruali nzito, koti. Mguu wa kulia uwe mbali na bomba la moshi, kwani wanaoungua mguu pale ni wengi.

Halafu somo la kona. Pikipiki ikilala kulia, abiria atazame juu ya bega la kulia la dereva. Ikilala kushoto, bega la kushoto. Basi. Ukitazama huko, mwili wenyewe unafuata. Wakati wa kupanda sogea mbele, kwa sababu uzito ukikaa nyuma tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unapoteza adabu. Wakati wa kushuka ni kinyume: bana kwa magoti, shika keria nyuma yako, usimlalie dereva mgongoni.

“Na kitu cha mwisho,” alisema. “Ukiogopa niambie. Usijitingishe.”

Mimi nimepanda bodaboda Dar maisha yangu yote. Nikiwa nyuma huwa nachati, napokea simu, wakati mwingine naandika hata vichwa vya habari. Nikaona jamaa anatufanyia mbwembwe za watalii.

KONA YA 31

Kutoka Chimala barabara inaelekea kusini, na ghafla ukuta wa mlima unakuwa mbele yako. Unatazama juu, huoni barabara inapita wapi. Unaona tu vipande vya mstari mwekundu vimekatwa ubavuni, kimoja juu ya kingine, kama ngazi.

Kona za kwanza zilikuwa raha. Moja, mbili, tatu, nahesabu kwa sauti. Pikipiki ilikuwa Boxer iliyotunzwa, imefungwa tairi za meno makubwa. Kapteni hakutoka gia ya kwanza na ya pili. Kila kona anapiga honi kabla, anakaa upande wake, anachungulia, anapita. Kutoka juu kuna malori ya viazi yanashuka, na dereva wa lori lililojaa viazi hawezi kusimama ghafla kwa ajili yako.

Tulivyozidi kupanda, injini ilianza kuchoka. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini inavuta pumzi kama mchezaji wa Dar aliyeingia Sokoine bila kuzoea. Nyuma yetu Bonde la Usangu lilifunguka lote, majaruba ya mpunga yakimetameta hadi macho yanapokomea. Upande wa kushoto wangu hapakuwa na kitu, ni hewa tupu.

Kona ya 31 inapinda kushoto, kwenye huo upande wa hewa tupu. Pikipiki ikalala kushoto. Nikaona chini. Mwili wangu, bila kuniuliza, ukajivuta kulia.

Usukani ukayumba. Tairi la nyuma likateleza kwenye kokoto, sauti ile ya kukwaruza nikaisikia tumboni. Kapteni akateremsha mguu, ule mbovu, akaikita pikipiki ikasimama. Tulikuwa hatua mbili tatu kutoka ukingoni. Nilikuwa nimefumba macho.

Hakunifokea. Alizima injini, akaniambia shuka, tukakaa juu ya jiwe. Wenzetu wakatupita wakisimama mbele.

Pale ndipo alipovuta suruali juu na kunionyesha goti. Kovu refu, limepinda kama kona ya barabara yenyewe.

“Nilikuwa winga wa kulia. Kapteni si jina la bodaboda, nilikuwa nahodha kweli,” alisema. Timu yake ilikuwa na mechi kijiji cha pili, yeye na mwenzake wakachelewa gari la timu. Wakapanda bodaboda moja, mshikaki. “Dereva alikuwa anaenda taratibu. Unajua nani alimwambia kanyaga? Mimi. Nilimwambia kanyaga kaka, nitakuongeza elfu tano, nikikosa kipindi cha kwanza kocha ataniweka benchi.”

Walianguka kwenye mteremko. Mwenzake alichubuka. Dereva alivunjika mkono. Goti la Kapteni likakatika nyuzi za ndani, na kwa kipato chao habari ya upasuaji wa goti ikaishia kwenye mazungumzo. Hakucheza tena.

“Watu wanasema bodaboda wanaua,” alisema akisimama. “Kweli tupo wajinga. Lakini hakuna anayemuuliza abiria alisema nini sikioni mwa dereva.”

Tukapanda tena. Safari hii nilitazama juu ya bega lake, kila kona. Kuhesabu niliacha.

BUSTANI YA MUNGU

Matamba ni Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Ukitoka kwenye joto la Usangu unahisi umefungua mlango wa friji. Tukanywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha kwa mama mmoja pale sokoni. Ukimsalimia “kamwene” anakuongezea kiazi, huo ndio ushauri wangu kwa msafiri.

Mbele ya Matamba ndiko kwenye uwanda wa Kitulo wenyewe, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hifadhi ilianzishwa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na iliwekwa hasa kwa ajili ya maua. Usije ukatafuta simba huku. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.

Tulifika msimu wenyewe, kwani maua hapa yanachanua kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Nyasi zimejaa njano, zambarau, nyeupe na nyekundu. Kuna aina 45 za okidi za ardhini. Hizo nazo zina kisa chake: viazi vyake vilikuwa vinachimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ni sababu mojawapo iliyofanya sehemu hii ilindwe.

Milima hii ina siri nyingine. Mwaka 2003 watafiti walimgundua kipunji, kima wa misituni ambaye sayansi ilikuwa haimjui, kwenye misitu ya Rungwe na Kitulo. Sisi hatukumuona. Tuliona ndege, ukungu na upepo unaolaza nyasi zote upande mmoja kama mashabiki wanaofanya wimbi jukwaani.

Nilizima simu saa mbili nzima. Kwa mwandishi wa michezo, Jumapili, hilo ni tukio.

‘HAYO MANENO NAYAJUA’

Saa 9:30 alasiri tulikuwa tumerudi Matamba, na mvua ikaanza. Si manyunyu. Mvua ile ya Nyanda za Juu inayopiga bati mpaka mnaongea kwa ishara. Barabara ikawa mto mwekundu.

Tukasubiri kwa yule mama wa chai. Saa 10:00. Saa 11:00. Mvua ikapungua, ukungu ukashuka badala yake. Basi langu lingepita Chimala saa 2:00 usiku. Na Jumatatu mchana nilikuwa na mahojiano Dar es Salaam, mchezaji niliyemfuatilia wiki tatu, ambaye jioni yake alikuwa anasafiri nje ya nchi. Mhariri alishaniwekea ukurasa.

Saa 11:30 nikamfuata Kapteni pembeni.

“Kaka, mvua si imekata? Twende taratibu. Nitakuongeza elfu ishirini.”

Aliniangalia muda mrefu. “Mwandishi, hayo maneno nayajua.”

Nilijisikia aibu, lakini nisidanganye, sikunyamaza. Nikamwambia basi litaniacha, nikamwambia kazi yangu, nikamwambia yeye ni fundi na njia anaijua hata akifumba macho. Asubuhi nilikuwa nimelishika goti lake kwa macho yangu, na jioni nilikuwa namuimbia wimbo uleule uliomvunja.

Akanieleza kwa upole kama anavyomweleza mtoto. Kupanda injini inakusaidia, kushuka uzito wote unakusukuma. Kwenye tope breki ya mbele inakulaza chini, ya nyuma inakupeleka pembeni. Kinachobaki ni gia ndogo na subira, na wala huweki gia huru kuokoa mafuta kama wanavyofanya wengine. Na kwenye ukungu huoni lori, na lori halikuoni.

“Elfu ishirini naitaka sana,” alimaliza. “Kesho asubuhi nitashuka na wewe. Leo hapana.”

Mmoja wa madereva wake, dogo wa miaka ishirini hivi, aliinua mkono: “Mimi naweza kumshusha.” Kapteni akamtazama tu. Dogo akarudi kukaa.

Tukalala gesti ya Matamba, mablanketi mawili kila mmoja. Saa 2:00 usiku, nikiwa kitandani, nilijua basi langu linapita huko chini. Nikampigia mhariri. Sitaandika alichosema, gazeti hili linasomwa na watoto. Mahojiano alipewa mwenzangu, na Jumanne yalitoka ukurasa wa mbele kwa jina lake. Yalikuwa mazuri. Bado yananiuma.

KUHESABU UPYA

Jumatatu saa 1:00 asubuhi anga lilikuwa safi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukaanza kushuka, nikibana magoti, mkono mmoja keria. Kapteni akaniambia, “Sasa hesabu. Ukiwa unahesabu huogopi.”

Tukahesabu wote wawili kwa sauti. Tulipokaribia katikati akapunguza mwendo. Mbele, kwenye kona, maji ya usiku yalikuwa yamekata barabara. Mfereji umechimbika kutoka ukutani hadi ukingoni, upana wa karibu nusu ya njia. Nyuma yake lori la viazi limesimama, tairi moja limezama, na utingo amelala juu ya magunia chini ya turubai. Walikuwa wamekwama pale tangu saa 1:00 usiku. Hakuna aliyeumia. Dereva alisema kilichomuokoa ni kwamba alikuwa anapanda, si kushuka, taa zake zikauona.

Kapteni hakuniambia kitu. Hakugeuka hata kunitazama. Aliniomba nishuke, akaivusha pikipiki kwa kuikokota, nikavuka kwa miguu, nikapanda tena. “Tulifika ngapi?” akauliza.

Tukaendelea. Kona ya mwisho tuliipata ikiwa ya 57 kamili, ingawa wenzangu wawili mmoja alipata 55 na mwingine 60. Tukabishana mpaka kijiweni, kama watu wanaobishania bao la kuotea.

Nilipolipa nikaongeza ile elfu ishirini. Akairudisha mkononi mwangu. “Kanunue helmeti yako mwenyewe. Hizi za kuazima zinakubana kichwa ndiyo maana hufikirii.”

Nimeinunua, Kariakoo, nyeusi, na kila asubuhi naingia nayo chumba cha habari. Wenzangu wananiita Rossi. Wacheke tu. Siku nikichelewa mazoezi ya timu, nakaa nyuma ya bodaboda, natazama juu ya bega la dereva na nafunga mdomo.