Likizo mjini: Mwache mtoto achague kitabu mwenyewe

Tunduma. Kwa mkazi wa Tunduma, kwenda nje ya nchi ni jambo la muda mfupi. Unapita kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019, unaingia Nakonde nchini Zambia, na jioni umesharudi nyumbani. Safari yenyewe ni ile ya mji mkubwa: Lusaka, Nairobi au Dar es Salaam. Huko watu hufuata mzigo, hospitali au harusi, na shule zikifungwa mtoto naye hubebwa. Matembezi yake yanajulikana: bahari, bembea, chipsi kuku.

Duka la vitabu halimo, na wazazi hawana kosa kubwa. Katika miji mingi midogo, duka la vitabu ni steshenari. Madaftari, kalamu na vitabu vya kiada viko nyuma ya kaunta. Mteja anataja anachotaka, analipa, anaondoka. Mtoto aliyesimama chini ya kaunta haoni kitu. Kwake hayo ni mambo ya shule.

Duka kubwa ni tofauti. Jijini Paris, Ufaransa, wageni hupanga foleni kuingia Shakespeare and Company, duka lililofunguliwa mwaka 1951 na Mmarekani George Whitman, ambaye aliwaruhusu wasafiri kulala katikati ya rafu ili mradi wasaidie kazi na wasome. Karibu zaidi, Nairobi ina Text Book Centre, iliyoanza mwaka 1964. Dar es Salaam ina duka la TPH, Barabara ya Samora, barabara ile ile yenye Sanamu ya Askari. TPH ndiyo iliyochapisha mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Mtoto wa miaka mitano hana habari na Rodney. Anachotaka ni rafu iliyo kimo chake. Katika maduka ya aina hii vitabu viko wazi: unashika, unafungua, unatazama picha, unarudisha. Hata usiponunua, hujavunja sheria yoyote. Mzazi anayeona aibu kuingia kwa sababu mfuko ni mwepesi aingie tu.

Kazi ngumu ni kunyamaza. Mtoto akichagua kitabu cha mamba wakati baba anataka cha hesabu, aachiwe mamba wake. Kitabu alichokichagua ndicho atakachokileta mwenyewe jioni akitaka asomewe, tena na tena, mpaka mzazi achoke. Kwa mtoto mchanga, tafuta chenye kurasa ngumu. Atakitafuna kwanza, na hilo ni sawa.

Hapa ndipo suala linapokuwa la afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Wakati ametulia, WHO inahimiza mlezi amsomee au amsimulie hadithi. Simu ya mama, ambayo huenda ndiyo inayosoma makala hii, haijatajwa kama mlezi.

Na hadithi si lazima iwe kwa Kiswahili. Mkoani Songwe bibi anayezungumza Kinyiha au Kinyamwanga anaweza kufungua kitabu hicho hicho na kusimulia picha kwa lugha yake, hata kama hajui kusoma. Mtoto anajifunza maneno mapya kwa lugha yoyote, na anakaa mapajani mwa mtu anayemjibu anapouliza.

Tahadhari moja kwa wanaorudi kwa basi: kitabu kikae kwenye begi gari likiwa kwenye mwendo. Macho yakitazama ukurasa uliotulia huku sikio la ndani likihisi gari linayumba, ubongo hupata taarifa mbili zinazogongana, na matokeo yake ni kichefuchefu. Kwenye kona za Mlima Kitonga mtoto atazame mbali, nje ya dirisha. Mamba atasomwa basi likisimama kwa chakula.