Katoni ya dawa na feza ya motari: sida inapiganwa wapi kwa kweli?



Kila tarehe 1 mwezi wa 12 tunaona mambo yale yale: utepe mwekundu, tishati nyeupe, hotuba, gari za viongozi. Kesho yake tishati zinafuliwa na maneno yanaisha. Leo nataka tuongee juu ya zile siku zingine 364. Ni nani anafanya nini, hapa chini katika kartie zetu, ili mugonjwa aliyepata dawa mwezi huu aipate tena mwezi ujao? Wengi wetu, hata sisi tuliosoma, tunajibu haraka: "Ile ni kazi ya Kinshasa", ao "ni mambo ya wazungu". Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ingine iko kwenye zoni ya afya, na ndiyo nusu tusiyoijua.

Nianze na kitu nilichokiona na macho yangu.

Wakati wa staji yangu nilitumwa kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukavu. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa siku ya kupima wamama wenye mimba. Mama mumoja akaingia, mimba ya miezi kama saba, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja. Enfirmie akafungua kisanduku cha vipimo vya virusi vya sida. Kitupu. Kumbe vipimo vilikuwa vimekwisha kufika ofisini ya zoni, siku tisa zilizopita. Kutoka ofisi hiyo mpaka kwetu, kwa piki, hata saa moja haiishi. Lakini katoni ilikuwa haijashuka, sababu feza ya motari haikuwa kwenye bajeti ya mutu yeyote. Zoni ilingoja kituo, kituo kilingoja zoni.

Enfirmie akamwambia: "Mama, urudi juma ijayo." Yule mama akajibu polepole: "Docta, siku kama hii njo siku yangu ya soko. Nikikuja huku, watoto hawakule. Nitajaribu."

Hakurudi. Mpaka leo sijui kama alikuwa na virusi ao hapana. Kwa hesabu, pengine hapana: uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta virusi kwa watu kama 1,2 kwa mia kati ya wenye miaka 15 mpaka 49. Lakini hesabu ya inchi nzima haimulindi mama mumoja. Kama alikuwa navyo na hakupata dawa, hatari ya kumuambukiza mutoto, tangu mimba mpaka mwisho wa kunyonyesha, ni kati ya 15 na 45 kwa mia. Akipata dawa na kuzimeza vizuri, hatari hiyo inashuka chini ya 5 kwa mia. Tofauti yote hiyo ililala siku tisa ndani ya katoni.

Sasa tuelewe namna kazi inavyopangwa.

Katika miaka ya 1980, Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo Kongo iko na zoni 519, na Kivu ya Kusini peke yake 34. Muji wa Bukavu uko na tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Kila zoni iko na daktari mukuu wake, ofisi yake na hospitali kubwa ya kutumiwa wagonjwa. Chini yake kuko maeneo ya afya, na kila eneo liko na kituo cha afya na enfirmie anayekiongoza. Chini zaidi kuko reko, wale wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, pamoja na kodesa, komite ambamo wakaaji wenyewe wanakaa kufuata kazi ya kituo. Juu ya zoni kuko Divizio ya Afya ya jimbo, na juu kabisa wizara na programu za taifa za kupigana na sida.

Dawa nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Zinanunuliwa kwa wingi mukubwa na feza ya inje, zaidi Global Fund na serkali ya Marekani. Zinaingia inchini, zinafika kwenye depo ya jimbo, kisha ofisi ya zoni, kisha kituo, na mwisho mukononi mwa mugonjwa. Kinachorudi juu ni ripoti: wagonjwa wangapi, dawa ngapi zimetoka, ngapi zimebaki. Ripoti ikichelewa, ao ikiandikwa kwa kukisia, zoni inaomba kidogo kuliko inavyohitaji, na kituo kinakauka.

Angalieni vizuri: tangu inje ya inchi mpaka depo, kila hatua iko na mutu anayeilipia. Ni hatua ya mwisho, ile fupi kuliko zote, isiyokuwa na mwenyewe. Katika kituo nilichofanyia staji, mara nyingi enfirmie alitoa feza mufukoni mwake. Siku asipokuwa nayo, katoni ililala.

Mutu atasema: kuchelewa siku kumi ni kitu gani? Kwa malaria tunajua jibu, mutoto anaweza kufa. Kwa sida ubaya unajificha. Dawa za ARV haziondoi virusi mwilini, zinavifunga. Mutu anayezimeza kila siku, mpaka virusi havionekani tena katika kipimo, anaishi kama wengine, na hawezi kumuambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini akiziacha, virusi vinaamka na kuzaana. Na kama kila mara anameza, anaacha, anameza tena, virusi vinaweza kujifunza kushindana na dawa. Hapo inabidi kutafuta dawa zingine, za bei zaidi na ngumu zaidi kupata. Njo maana kwa ugonjwa huu kazi kubwa ya serkali ni kufanya dawa zisikatike hata siku moja. Kuleta dawa mara moja na kupiga picha haitoshi.

Historia yetu wenyewe inatufundisha jambo hilo mara mbili.

Mara ya kwanza ni Kinshasa. Mwaka 1983, wanganga kutoka inje walipofika kwenye hospitali Mama Yemo, walikuta Dr Bila Kapita, mukuu wa idara ya magonjwa ya ndani, amekwisha kuona wagonjwa wanaokonda na kufa kwa namna isiyoeleweka. Mwaka 1984 kukazaliwa Projet SIDA, kazi ya pamoja ya wizara ya afya ya Zaire na wataalamu wa Marekani na Ubelgiji. Ilikua mpaka ikawa moja ya kazi kubwa kabisa za uchunguzi wa sida katika Afrika. Dunia ilijifunza mengi kutoka kwa wagonjwa wa Kinshasa. Lakini mwezi wa 9 mwaka 1991 waaskari wakaanza kupora muji, wageni wakakimbia, na mradi ukafungwa. Maarifa yalibaki katika vitabu. Wagonjwa walibaki Kinshasa.

Mara ya pili ni hapa kwetu. Mwaka 2003 Médecins Sans Frontières walianza kutoa ARV Bukavu, wakati watu wengi duniani walisema haiwezekani kutoa dawa hizo kwenye inchi ya vita. Mwezi wa 5 na wa 6 mwaka 2004, vita ikaingia ndani ya muji. Wazee wetu wanakumbuka siku zile za Nkunda na Mutebutsi. Lakini safari hii watu wa afya walikuwa wamejipanga mapema: akiba ya dawa iliwekwa, na wagonjwa walifundishwa la kufanya kama njia inafunga. Wengi sana hawakukatisha dawa. Baadaye wanganga hao waliandika kwamba matokeo ya Bukavu yalifanana na ya sehemu zisizo na vita.

Inje walitoka Kinshasa, na inje walitoka Bukavu pia. Feza haikuwa tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa kwamba Bukavu mugonjwa alijua cha kufanya, na dawa ilikuwa karibu naye kabla njia haijafunga.

Kinshasa nayo ilijifunza. Mwaka 2010, MSF pamoja na mutandao wa watu wanaoishi na virusi walifungua podi, yaani vituo vidogo vya kugawa dawa ndani ya jamii. Mugonjwa aliyetulia hapigi foleni hospitalini kila mwezi. Anapita podi, anapokelewa na mutu anayeishi na virusi kama yeye, anachukua dawa ya miezi mitatu, anaenda kazini. Daktari anamuona mara moja kwa mwaka. Kisha serkali ikachukua namna hiyo na kuipeleka majimbo mengine. Ni mufano wa kazi ya chini iliyopanda juu.

Sasa tuje kwa mwaka 2025. Tarehe 20 mwezi wa 1 serkali ya Marekani ilisimamisha musaada wake wa inje. Wenzetu wa Haut-Katanga na Lualaba, ambako programu yao ya PEPFAR ilikuwa inabeba muzigo mukubwa, waliamka na maswali. Siku chache nyuma yake vita ikafika Goma, na katikati ya mwezi wa 2 ikafika Bukavu. Mapigo mawili katika mwezi mumoja: feza inakauka huko juu, njia inafunga huku chini. Katika saa kama hiyo mugonjwa haulizi nani alisaini mukataba. Anauliza: kituo changu kimefunguka? Dawa iko?

Najua mwenzangu mumoja atasema: "Ndugu, serkali haina feza, unataka tufanye nini?" Swali ni la haki. Sisemi muji wetu ununue ARV za watu wote. Hauwezi, na tusidanganyane. Nasema kuko sehemu ndogo ya muzigo ambayo ni ya kimo chetu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, inaweka kupanga huduma za afya ya musingi katika mamlaka ya majimbo. Komini nazo, tangu sheria ya 2008, ziko na bajeti zao. Basi mambo matatu.

La kwanza, feza ya motari. Iandikwe kwenye bajeti, kwa jina lake, kila mwezi, kwa kila kituo. Si feza ya kutisha. Gari moja ya kiongozi inaweza kulipa safari za katoni za zoni nzima kwa muda murefu.

La pili, akiba ya dawa na mupango wa siku mbaya. Mugonjwa aliyetulia apewe dawa ya miezi mitatu ao zaidi. Ajue pia kituo gani kingine kinaweza kumupokea kama chake kimefungwa, na awe na karatasi inayoonyesha anameza dawa gani. Karatasi hiyo ilindwe, maana sheria ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008 inalinda siri ya mugonjwa. Mugonjwa akiogopa kuonekana na jirani, hata dawa iliyofika kituoni itabaki pale pale.

La tatu linatuhusu sisi. Kodesa inahitaji watu wanaojua kusoma hesabu. Kati yetu kuko wenye kusoma uchumi, sheria, afya, informatiki. Ni wangapi wamekwisha kuingia hata mara moja katika mukutano wa kodesa ya eneo lao? Mimi mwenyewe, kabla ya staji, sikujua kama kodesa iko. Mutu mumoja anayejua kulinganisha dawa zilizotoka na zilizobaki, na kusema mapema "tunaelekea kukauka", anaweza kuokoa zaidi ya hotuba kumi.

Juma hii pita kwenye kituo cha afya cha kwenu na uulize enfirmie swali moja tu: "Katoni ya mwisho, nani alilipa motari?" Jibu atakalokupa, ulilete hapa.

Yule mama, kama alijifungua salama, mutoto wake leo anatembea. Natumaini anatembea na afya. Lakini mwezi ule tumaini ndilo tu tulimupa, na yeye alikuja kutafuta kipimo.