Sikio na Kazi Yake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Somo letu la leo ni la sikio. Kila mtu analo, lakini sehemu tuionayo kwa nje ni kama mlango tu. Kazi yenyewe hufanywa ndani ya mfupa wa kichwa, mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halioni.

Kwanza, sauti ni nini? Sauti ni mtikisiko. Ukiipiga ngoma, ngozi yake hutikisika, hewa iliyo karibu nayo hutikisika, na mtikisiko huo husafiri mpaka kwako. Hapo pana taabu kubwa. Sehemu ya sikio inayohisi sauti haikai hewani. Inakaa ndani ya maji. Wale walio pwani au kando ya ziwa wanajua jambo hili: mtu aliyezamia majini hasikii vizuri maneno ya walio ufukoni. Sauti ya hewani ikifika juu ya maji, karibu yote hurudishwa nyuma. Katika mafungu 1,000 ya nguvu zake, fungu 1 hivi tu ndilo huingia. Basi, sikio linafanya nini ili kuitia sauti majini bila kuipoteza?

Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni huku mimi nikisema. Chora tundu la sikio. Mwisho wa tundu chora kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Wengi huiita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo chora vifupa vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza huitwa nyundo, cha pili fuawe, cha tatu kikuku, kwa sababu kimefanana na kikuku anachotia mguu mpanda farasi. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, hata hakijai juu ya punje ya mchele. Kitako chake kimeziba kidirisha, na nyuma ya kidirisha hicho ndipo penye maji.

(Hapa matangazo yalisimama kidogo ili walimu wachore.)

Sasa kila mtu abonyeze kiganja chake kwa kidole gumba. Haiumi. Lakini ukitumia nguvu zile zile kubonyeza kwa mwiba, utaruka. Nguvu ni zile zile, ila zimekusanywa mahali padogo. Sikio hutumia njia hiyo hiyo. Kiwambo ni kipana kuliko kitako cha kikuku kama mara 17. Nguvu iliyopokewa na kiwambo kizima hukusanywa juu ya kidirisha kidogo. Tena vifupa hufanya kazi kama mtaimbo wa kuinulia mawe, vikaongeza nguvu kidogo zaidi. Jumla yake, msukumo unaofika kwenye maji ni kama mara 22 ya ule uliofika kwenye kiwambo. Fundi wa mashine akiambiwa habari hii hastaajabu. Hata yeye angefanya hivyo. Cha kustaajabisha ni udogo wa vyombo vyenyewe.

Nyuma ya kidirisha iko njia iliyojizungusha kama nyumba ya konokono, imejaa maji. Ukiinyosha, urefu wake ni kama milimita 35. Katikati yake, toka mwanzo hata karibu na mwisho, umetandazwa utando. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana: sauti ikifika hapa, utando huu hufanya nini?

Aliyekwenda kutazama kwa macho yake hakuwa mganga. Alikuwa mtu wa simu. Jina lake Georg von Békésy, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria. Alifanya kazi katika maabara ya Posta ya huko, nayo ndiyo iliyotunza waya za simu. Watu wa simu walikuwa na swali la fedha: tukitaka simu isikike vizuri, tutengeneze kitu gani? Waya, au chombo cha kusikilizia? Békésy aliona kuwa huwezi kujibu kabla hujajua sikio lenyewe lafanyaje kazi, kwani sikio ndilo mwisho wa waya.

Basi alichukua masikio ya watu waliokwisha kufa. Aliutoboa mfupa, ambao ni mgumu sana, kazi akiifanya ndani ya maji. Aliharakisha, maana kitu kilichokufa hubadilika upesi. Alinyunyizia juu ya utando chembe ndogo za fedha ili auone, akapiga sauti kubwa, akatazama kwa hadubini huku taa ikiwaka na kuzima upesi upesi, hata mtikisiko ukaonekana kama unakwenda polepole. Habari hizi alianza kuzichapisha mwaka 1928.

Aliona nini? Aliona wimbi. Shikeni kanga, wawili, mmoja kila upande, mmoja atikise. Mnaona wimbi likikimbia toka mkono hata mkono? Utando wa sikio hufanya vivyo hivyo. Ila utando huo haulingani. Karibu na kidirisha ni mwembamba na umekazana; kule mwisho ni mpana na umelegea. Kwa hiyo sauti nyembamba kama ya filimbi huinua wimbi karibu na mlango, kisha hufa. Sauti nene kama ya ngoma kubwa hupita mlangoni, ikaenda kuinuka mbali ndani. Kila sauti ina mahali pake, kama vile kila mtu kijijini ana nyumba yake. Mwaka 1961 Békésy alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga kwa kazi hiyo, naye hakumtibu mgonjwa hata mmoja.

Juu ya utando zimejipanga seli zenye vinywele, kama 15,000 katika kila sikio. Wimbi likipita, vinywele huinama, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Kumbukeni hesabu hiyo: 15,000 tu, na kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena. Kuku anatushinda. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa kifaranga aliyeharibikiwa seli zake kwa kelele huotesha nyingine. Sisi hatujajaliwa hivyo.

Mwalimu, sasa andika maneno haya: saa, taa, kaa, paa, faa. Wanafunzi wayasome. Yote yana mwisho mmoja. Yanatofautiana kwa herufi ya kwanza tu, nayo ni pumzi nyembamba ya ulimi au midomo. Irufi ya aa ni sauti nene yenye nguvu. S, t na f ni sauti nyembamba na dhaifu. Tumekwisha kuona kuwa sauti nyembamba zina mahali pake karibu na mlango, na seli za upande huo ndizo huharibika kwanza kwa uzee na kwa kelele. Basi mjukuu akisema, "Babu, taa iko wapi?" babu hujibu, "Saa mbili." Watoto hucheka. Mmoja hupiga kelele, "Taa, babu!" Babu hukasirika, asema, "Mbona mnanifokea? Nawasikia!" Na babu asema kweli. Sauti aliisikia. Alichokosa ni herufi moja, lakini bila herufi hiyo neno si neno. Nyumba nyingi humwita mzee kama huyu mkaidi, au husema kuwa husikia anapotaka mwenyewe. Kumfokea hakufai, kwa sababu kelele huikuza aa, nayo aliisikia tangu hapo. Mkaribie, akuone midomo, useme polepole na wazi.

Wenye kazi ya mashine ya kusaga, msumeno au jenereta wajipime hivi: kama huna budi kupiga kelele ndipo asikie mtu aliye mbali nawe kwa urefu wa mkono, kelele hiyo inadhuru masikio. Haiumi, ndiyo maana inawadanganya watu. Tumia vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na upumzike mbali na mashine.

Hata hivyo si kila uziwi hutoka kwenye seli. Fanyeni hili sasa: ziba sikio moja kwa kidole, kisha uvumishe mmm huku midomo imefungwa.

(Hapa matangazo yalisimama kidogo.)

Sauti imesikika upande gani? Upande ulioziba, sivyo? Sauti ya mwili wako ilipita katika mfupa, ikafika kwenye maji bila kupita mlangoni. Ndiyo sababu mganga humwekea mgonjwa chuma chenye ncha mbili kinachovuma, kwanza kando ya sikio, halafu kwenye mfupa nyuma ya sikio. Adolf Rinne wa Ujerumani aliieleza njia hii mwaka 1855. Mgonjwa akisikia zaidi kwa mfupa kuliko kwa hewa, ubovu uko njiani: labda nta imeziba, au usaha umetoboa kiwambo, au kikuku kimeganda. Ubovu wa njiani mara nyingi hutengenezeka. Nta hutolewa hospitali, wala si kwa njiti ya kibiriti. Sikio linalotoa usaha hutibiwa, msilitie mafuta. Na kikuku kilichoganda? Mwaka 1956 daktari John Shea wa Marekani alikitoa kwa mgonjwa, akaweka mahali pake kingine cha plastiki, na mgonjwa akasikia.

Kwa seli zilizopungua kuna kifaa cha kukuza sauti, ambacho wengine hukiita shime sikio. Kwa zile zilizokufa kabisa kuna njia nyingine. Mwaka 1957, katika mji wa Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimtia kiziwi waya wa umeme karibu na mshipa wa fahamu, akasikia mlio. Siku hizi waya wenye vituo vingi hupitishwa ndani ya ile njia ya konokono: vituo vya karibu na mlango huleta sauti nyembamba, vya ndani huleta sauti nene. Hii ndiyo ramani aliyoiona Békésy. Ila gharama yake ni kubwa mno, na wengi wenye haja nayo hawaipati.

Jambo moja Békésy hakuliona, kwa kuwa masikio yake yalikuwa maiti. Mwaka 1978 David Kemp, katika mji wa London, alitia kinasa sauti kidogo katika sikio la mtu aliye hai, akapiga mlio mfupi. Kitambo kidogo baadaye sikio lenyewe likatoa sauti! Ilikuwa dhaifu sana, lakini ilikuwepo. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake walieleza sababu inayofaa: baadhi ya seli zenye vinywele hurefuka na kufupika, zikalisukuma wimbi lipate nguvu. Sikio lililo hai, basi, hujikuzia sauti lenyewe.

Faida yake ni hii. Mtoto mchanga hawezi kusema "nasikia" au "sisikii". Lakini sikio lake likijibu mlio, mganga ana dalili njema ya uzima wake, na mtoto aweza kuwa amelala usingizi wakati anapimwa. Kama kipimo hiki hakipo karibu nanyi, mama au bibi na atazame mwenyewe. Mtoto wa miezi sita anayesikia hugeukia sauti ya mtu asiyemwona. Asipogeuka leo, jaribu kesho na keshokutwa, nyumba ikiwa kimya. Asipogeuka tena, mpelekeni hospitali mwezi huo huo, msingoje aanze kusema, kwa maana maneno huingia kwa sikio kabla hayajatoka kinywani.