Dawa ya Chumba Baridi Iko Juu

Wengi wetu tuliosomea ukimbizini Kenya, tuliporudi Kampala tulitatanishwa na neno “muzigo”. Kwa Kiganda ni chumba kimoja cha kupanga, wala si shehena. Ila mfanyabiashara wa Busia au Malaba hukifanya vyote viwili: huku kitanda, kule marobota hadi ukutani.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku, bati lisilo na dari hupoa upesi. Pumzi za waliolala hupanda, hukuta bati baridi, na hugeuka matone yanayodondokea blanketi na bidhaa.

Ukifunika kuta mbili zinazotazamana kwa mbao za unene wa inchi 3, umepoteza nusu futi ya chumba. Dari haili sakafu hata kidogo. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, pigilia fito chini ya kenchi, kisha weka plaiwudi au mikeka ya mafunjo. Hewa iliyo kati ya dari na bati huzuia baridi usiku na joto mchana. Ziba nyufa za mlango, lakini matundu ya hewa yaache wazi. Mikeka hushika moto upesi, hivyo mshumaa ukae mbali.

Darasani huwasisitizia wanafunzi wangu jambo moja: sigiri isilale ndani. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Sigiri ibaki nje.