Klachi na Kapi: Neno Moja kwa Vitu Viwili

Neno klachi limekwisha kuota mizizi katika Kiswahili. Hutumika Hirbadaw kama linavyotumika Dar es Salaam, hata pale ambapo msemaji anazungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani kwake. Taabu huanza mfasiri anapopewa kitabu cha maelekezo ya mashine, akakuta jina moja la kigeni limepewa vitu viwili visivyofanya kazi moja. Makala haya yanakusudia kuvitenganisha vitu hivyo. Mfano wetu ni nyanda za juu za Mbulu na Hanang, kwa sababu huko mwinuko huidhihirisha upesi kasoro ya tafsiri.

Sehemu nyingi za nyanda hizo ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Hanang hupita mita 3,400. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwenye mita 1,800 uzito wa hewa inayojaza silinda hupungua kwa karibu moja ya sita ya ule wa pwani, na nguvu ya injini ya kawaida hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Pikipiki yenye kabureta hupata hasara ya pili: petroli huja karibu kama ilivyopimiwa pwani, ilhali hewa haitoshi. Plagi huwa nyeusi na moshi hutoka. Injini mpya zinazoongozwa na vihisi hujipunguzia petroli zenyewe, lakini nguvu iliyopotea pamoja na hewa hazirudishi.

Sasa tutazame klachi yenyewe. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, klachi ni sahani zinazobanwa na springi. Dereva akivuta mkono wa klachi, sahani huachana. Akiuachia, hubanana na nguvu ya injini hufika kwenye gia. Kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha tu. Haichagui gia. Dereva anayepanda mlima na magunia mawili, huku ameushikilia mkono wa klachi nusu, haongezi nguvu yoyote. Sahani husuguana, hupata moto na kuungua. Yampasa ateremshe gia, au apunguze mzigo. Ikiwa njia zake zote ni za milima, fundi aweza kumfungia nyuma gurudumu la cheni lenye meno mengi zaidi. Kwenye klachi yenyewe, la kuangalia ni ulegevu wa mkono wake, ambao kwa pikipiki nyingi hupimwa kuwa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha.

Kitu cha pili kimo katika skuta zisizobadilishwa gia kwa mkono, na katika vyombo vinavyotembea juu ya theluji katika milima ya Marekani na Kanada. Hapo mkanda hupita katika kapi mbili zinazoweza kupanuka na kujibana. Kapi ya mbele ina vipande vya uzito. Injini ikizunguka kwa kasi, vipande hivyo husukumwa nje na kuzibana pande za kapi. Mkanda hupanda kuelekea ukingoni, na chombo huingia gia kubwa bila mtu kugusa kitu. Vitabu vya vyombo vya theluji huiita kapi hii klachi, ingawa kazi yake kubwa ni kuchagua gia.

Hapa ndipo mwinuko unapotuhukumu. Injini iliyopungukiwa nguvu ikiachiwa vipande vilevile vya uzito, kapi hujibana mapema mno, gia kubwa huingia kabla ya wakati, na injini huzuiwa isifikie kasi yenye nguvu zake. Dawa yake ni kufunga vipande vyepesi zaidi, na pengine kubadili springi. Mfasiri akiandika tu “punguza uzito wa klachi”, fundi mwenye pikipiki ya sahani atatafuta kitu ambacho hakipo, au atalegeza springi zinazobana sahani. Akifanya hivyo, klachi itateleza, na mwenye chombo atakwama mlimani na abiria wake.

Kwa hiyo tunapendekeza klachi libaki kuwa jina la chombo cha kuunganisha na kutenganisha, na kile cha pili kiitwe kapi badilifu. Kadhalika, vitenzi vyafaa vitenganishwe. Kutengeneza ni kukiondolea kitu ubovu. Kurekebisha ni kukirudisha katika kipimo chake. Kuoanisha ni kukipa kipimo kipya kinachopatana na mahali kinapotumika, na ndiyo kazi inayofanywa kwenye kapi badilifu kwa ajili ya mlima. Petroli iliyozidi hewa nayo iitwe mchanganyiko mzito. Kuuita tajiri ni kufasiri neno na kuiacha maana.

Istilahi hizi zitapimwa gereji kabla ya kupimwa ofisini. Twawaomba walimu wa ufundi na wafasiri wazisome mbele ya mafundi, kisha watuandikie ni neno gani lililoupeleka mkono wa fundi mahali panapostahili, na ni lipi lililompoteza.