Krapf: Mchungaji aliyeachia Mombasa kamusi

JINA la Johann Ludwig Krapf hutajwa kila inaposimuliwa historia ya Ukristo katika pwani ya Kenya. Hata hivyo, urithi wake mkubwa haumo kanisani bali katika lugha.

Krapf, Mlutheri aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1810, alitumwa Ethiopia na chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza, CMS. Alipozuiwa kuendelea na kazi huko, aliazimia kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani. Mwaka 1844 aliwasili Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar.

Enzi hizo Kilindini haikuwa bado bandari ya meli kubwa. Shughuli zote zilikuwa ng'ambo ya pili ya kisiwa, Mji wa Kale, kwenye bandari ya majahazi. Huko ndiko msiba ulikomkuta: Julai mwaka huo mkewe, Rosine, alifariki dunia kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kichanga chao kikafa pia. Kaburi la Rosine lingalipo bara, upande wa Nyali.

Krapf hakurudi kwao. Kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kimvita. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alifungua kituo Rabai. Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, lakini baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Alipoondoka mwaka 1853, afya ikiwa imedhoofika, waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika.

Maneno aliyokusanya ndiyo yaliyozaa matunda. Sarufi yake ilichapwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alisisitiza hati za Kilatini, ilhali Waswahili walikuwa wameandika kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa.

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikabaki kando. Kwa sababu hiyo, anayetafuta leo maneno ya Wamvita wa karne ya 19 hana budi kuirejea kamusi ya mchungaji huyo, ambaye mwalimu wake alikuwa kadhi.